Uliza Fundi: Randa yenye pembe

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Babu yangu alikuwa seremala hapa Jinja, ameniachia sanduku la vyombo vyake. Kuna randa ya mbao yenye kishikio kama pembe mbele, imeandikwa ULMIA. Kuna patasi nne zenye alama ya cheri mbili, na koleo lililogongwa herufi DRGM. Vyuma vyote vina kutu. Muuza chakavu anataka kuvinunua kwa kilo. Jirani anasema nivipige msasa na vanishi, vitapata bei. Ni vya mwaka gani, nami nifanye nini?
Msomaji, Walukuba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo wa kilo mwambie asirudi tena.

Vyombo vyako ni vya Wajerumani. Cheri mbili ni alama ya wafua patasi wa Remscheid, walioanza kazi mwaka 1858. Mji huo hauko mbali na Solingen, ule ambao mama zetu waliujua kwa mikasi na visu. Ulmia ni ya mji wa Ulm, karakana aliyoianzisha Georg Ott mwaka 1877. Sisi tuliofundishwa na mafundi wa Kihindi kwa randa za chuma za Kiingereza tuliiona ile pembe tukacheka. Mimi niliacha kucheka kule Ndeeba, Kampala, siku niliyoranda mvule tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa randa ya namna hiyo, kifundo cha mkono kisiume hata kidogo.

Kuhusu mwaka: DRGM si tarehe, wala si hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) kamili kama wauzaji wanavyopenda kudai. Ni usajili wa Kijerumani wa ubunifu mdogo mdogo, ulioanza 1891 na kukoma pamoja na dola ya Ujerumani ya wakati huo mwaka 1945. Kwa hiyo koleo lako lina umri wa kuheshimiwa. Ukikuta chombo kimeandikwa West Germany, hicho ni cha baada ya 1949 na kabla ya 1990. Made in Germany peke yake haikusaidii sana. Maneno hayo yalitokana na sheria ya Uingereza ya 1887, iliyotaka mnunuzi aone kwamba bidhaa ni ya kigeni aiepuke. Wanunuzi wakayafanya sifa!

Sasa huo msasa. Patasi yangu ya kwanza ya cheri niliinunua sokoni Owino, nikampa kijana mmoja mwenye mashine ya kusaga chuma aing'arishe. Ilirudi inameta kama kijiko cha harusi. Cheri zimefutika, na ncha imegeuka bluu. Chuma cha patasi kikifika rangi hiyo, moto umeshakiondolea ugumu, makali yanajikunja kwenye mti wa kwanza. Nilikaa siku mbili na jiwe la maji nikiirudisha nyuma hadi nikapata chuma kizima.

Wewe funga kitambaa kilicholowa siki kwenye chuma cha patasi, mpini usiguswe, ulaze usiku mmoja. Asubuhi sugua kwa mswaki mkuukuu, suuza kwa maji yenye magadi kidogo, kausha papo hapo, paka mafuta ya cherehani. Penye alama tumia mswaki tu. Koleo nalo vivyo hivyo, ila kwenye kiungo tia mafuta mara mbili, kwa siku mbili.

Randa isione siki. Vanishi nayo usiipake chini, itanata kwenye ubao badala ya kuteleza. Mafuta ya kitani, safu nyembamba, yanatosha. Kisu cha randa usikivute kwa koleo: gonga kisigino cha randa kwa nyundo ya mbao, kabari inayokishika italegea yenyewe. Ukiona vitundu vinavyomwaga unga, hao ni wadudu wa mbao, itenge na mbao zako nyingine leo hii.

Bei sikutajii. Anayekusanya vyombo hulipia alama na urefu wa kisu uliobaki. Seremala wa Bwaise hulipia makali. Jirani yako angekuharibia vyote viwili.

Halafu tazama pua ya randa, upande wa mbele chini ya pembe. Hapo ndipo maseremala walipozoea kugonga jina la mwenyewe. Likiwa la babu yako, vema. Likiwa jina geni, waulize wazee wa Walukuba alikuwa nani, kisha uniandikie.