Mota imeandikwa volti 3, nani kakwambia uipe volti 3?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Nkuhungu, hapa Dodoma. Nina mashine ndogo ya milingi, ya kuchonga chuma, ambayo zamani niliizungusha kwa mkono, sasa nimeifungia stepa mota tatu (mota zinazozunguka hatua kwa hatua) za saizi ya NEMA 23 ili iendeshwe na kompyuta. Kibandiko cha mota kinasema volti 3, ampea 3, milihenri 4. Draiva, vile visanduku vinavyoziendesha mota, zimeandikwa volti 20 hadi 50, saplai ya umeme inayozilisha ni ya volti 24. Meza ikienda taratibu inakata vizuri. Nikiipeleka kasi mota inalia, inakwama, na vipimo vinapotea. Halafu mota zinachemka, mkono haukai. Fundi wa mtaani anasema volti zimezidi, nishushe hadi 12 au niongeze rezista. Mwingine anasema ninunue mota kubwa zaidi. Nimsikilize nani?

JIBU: Usimsikilize hata mmoja. Pandisha hadi volti 36.

Ndugu yangu, hili la volti za kwenye kibandiko naulizwa kila kukicha, na kila anayeuliza ameshapotoshwa na mtu mwenye tochi na bisibisi. Koili ya mota yako ina ukinzani wa omu 1. Ampea 3 mara omu 1 ni volti 3, basi, hiyo namba haina siri nyingine. Inakwambia kwamba ukiichomeka koili moja kwa moja, mota ikiwa imesimama, volti 3 zitapitisha ampea 3. Lakini wewe hujaichomeka moja kwa moja, una draiva. Draiva inaachia volti zote za saplai ziingie kwenye koili, inapima ampea, zikifika kiwango ulichopanga inakata, zikishuka inafungulia tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Kiwango hicho umekipanga mwenyewe kwa zile swichi ndogo za ubavuni. Saplai ya volti 24 au 36, ampea za koili ni zilezile.

Sasa volti zinafanya kazi gani? Zinaharakisha. Koili haikubali ampea zipande ghafla, na hiyo ndiyo maana ya milihenri 4 ulizoziona. Kwa volti 12, ampea 3 zinafika baada ya milisekunde 1. Kwa 24, nusu milisekunde. Kwa 36, theluthi moja. Stepa yako ina hatua 200 kwa mzunguko, kwa hiyo ikizunguka mara 10 kwa sekunde kila hatua inapewa nusu milisekunde tu. Unaona ulipo? Volti 24 zinafika mlangoni muda ukiwa umeisha, na hapo nimekuachia hesabu nyepesi, sijaweka umeme ambao mota yenyewe inauzalisha ikizunguka na kupingana na saplai. Ndiyo maana inalia. Kwa volti 12 ingekwama mapema zaidi, tena draiva yako hairuhusu chini ya 20.

Kuna kanuni ya mafundi: 32 mara kipeuo cha pili cha milihenri ndizo volti za juu kabisa. Kwako ni 64. Draiva inakomea 50, na mota zikifunga breki zinarudisha umeme kwenye saplai, kwa hiyo acha nafasi. Volti 36 zenye ampea 9 au 10 zinatosha mota zote tatu.

Joto ni jambo jingine. Ampea 3 kwenye omu 1 ni wati 9 kwa koili, na koili ni mbili. Joto hilo linatokana na ampea. Volti zikipanda chuma cha ndani kinaongeza joto kidogo, si la kukunyima usingizi. Stepa nyingi zinavumilia nyuzi 80 kwenye ganda, na mkono wako unakimbia kwenye 60. Washa ile swichi ya kupunguza ampea nusu mota ikisimama, uone tofauti.

Mota kubwa? Kubwa nyingi zina milihenri nyingi zaidi. Kwa saplai ileile utakuwa umenunua ugonjwa uleule kwa bei ya juu. Na rezista ilikuwa na kazi kwenye draiva za kale zisizopima ampea. Kwenye hizi ni hita.

Ushauri wa kushusha volti angalau hauui mtu. Kinachonitisha ni wale wanaojitengenezea saplai. Mtu ananunua transfoma ya volti 36, anaweka daraja la dayodi la kunyoosha umeme na kapasita, anadhani ana volti 36. Ana karibu 50! Umeme wa mzunguko (AC) ukishanyooshwa na kapasita unazidishwa kwa 1.41. Usiku watu wakizima vitu na umeme wa gridi ukapanda, draiva zote zinaondoka pamoja. Ukitaka kujenga, tafuta transfoma ya volti 25, utapata kama 34.

Wabaya zaidi ni wanaotumia transfoma ya koili moja, ya aina ile ya kushushia 230 kwenda 110, kwa sababu ni ya bei nafuu. Hiyo haitenganishi chochote na nyaya za TANESCO. Pini ikigeuzwa, mashine nzima ya chuma inaweza kuwa na 230, na wewe umeegemea meza. Wananijibu, "Nimeweka athi." Athi ipi? Kanondo kafupi kwenye udongo wa Dodoma mwezi wa tisa, mvua ilishasahaulika, hakapitishi umeme wa kutosha kukata hata fyuzi. Nunua saplai inayotenganisha, funga athi kwenye kiunzi cha mashine na uipime kwa kifaa cha kupimia athi, usikisie.

Usichomoe waya wa mota draiva ikiwa imewashwa, hata sekunde moja. Draiva nyingi ninazoletewa "zimeungua kwa volti" ziliungua hivyo. Na kabla hujagusa nyaya za hiyo saplai, zima, chomoa ukutani, weka mita kwenye kapasita na usubiri isome chini ya volti 5.