Jinsia na jeni: majibu kwa wasomaji wa Kigoma na Tabora

Mwanangu wa kiume amekutwa na upungufu wa G6PD. Naambiwa ameurithi kwangu, nami sijawahi kuumwa. Inawezekana? (Mama, Ujiji)

Inawezekana kabisa, mama, na si kosa lako. Jeni ya G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, iko kwenye kromosomu X. Mwanaume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake. Ikiwa na hitilafu, hana ya akiba. Wewe unazo mbili, na kila seli huzima moja, hivyo damu yako huchanganya chembe nzima na chembe dhaifu. Hapo ndipo kipimo cha G6PD cha kutazama damu iking'aa chini ya taa kinapokosea: mwanamke mwenye kimeng'enya asilimia 30 hadi 70 mara nyingi huambiwa ni mzima. Dada zake wapimwe kwa kipimo kinachotoa namba, hasa kabla ya kozi ya siku 14 ya primakwini, dawa ya malaria. Mtu akimeza dawa hiyo kisha mkojo ukawa kama chai ya rangi, aache dawa na awahi hospitali siku hiyohiyo.

Selimundu nayo hupata zaidi wavulana? (Nzega)

Hapana. Jeni yake iko kromosomu ya 11, ambayo sote tunayo jozi.

Lahaja (aina) moja ya jeni inapandisha presha ya wanaume kwa 2.0 (kosa sanifu, yaani kipimo cha kuyumba kwa makadirio, 0.7; p, yaani uwezekano wa kuona athari kubwa hivi kama kweli haipo, 0.004) na ya wanawake kwa 1.2 (0.7, p 0.09). Niandike inafanya kazi kwa wanaume tu? (Mwanafunzi, Tabora mjini)

Usiandike hivyo, tafadhali. Pima tofauti yenyewe: 2.0 toa 1.2 ni 0.8. Kosa sanifu lake ni kipeuo cha pili cha 0.49 + 0.49, yaani 0.99. Gawanya: 0.81, mbali sana na 1.96, kizingiti cha kawaida cha p 0.05. Hujaonyesha tofauti yoyote. Kugundua tofauti yenye ukubwa sawa na athari ya jumla kunahitaji sampuli takribani mara 4 ya ile inayotosha kugundua athari hiyo ya jumla.

Tazama pia uliwapata wapi. Wanawake wa kliniki ya wajawazito na wanaume wa mwalo wa Kibirizi wanakupa ulinganisho wa ujauzito na uvuvi.

Kromosomu X inanisumbua, nimeiondoa kwenye uchambuzi. (Mwanafunzi, Kasulu)

Irudishe. Wanawake waandike 0, 1, 2, kwa idadi ya nakala za lahaja walizonazo. Wanaume 0 au 2, ukichukulia kwamba X ya pili ya mwanamke imezimwa. Mwanaume anayeonekana na nakala mbili tofauti sehemu nyingi za X, kagua kwanza lebo ya kichupa chake.