Ukitaka kutengeneza milango ya shoji nyumbani, anza na alama

Wengi wanaoanza kujifunza shoji huuliza kwanza kuhusu karatasi: ipi ni nzuri, inabandikwaje, inadumu muda gani. Ninawaelewa, kwa sababu karatasi ndiyo inayovutia macho. Lakini mlango wa shoji, yaani ule mlango mwepesi wa Kijapani wa kusukuma kando, wenye wavu wa fito nyembamba na karatasi inayopitisha mwanga, hutengenezeka au huharibika wakati wa kupiga alama, kabla msumeno haujagusa ubao. Mwanga ukitokea nyuma ya karatasi, kila ufito unakuwa mstari mweusi kwenye uwanja mweupe. Jicho la binadamu ni kali mno kwa mistari. Chumba kimoja cha wavu, yaani nafasi iliyozungukwa na fito, kikizidi mwenzake kwa milimita mbili, utakiona kila asubuhi, na hakuna rangi wala pambo la kuficha.

Kwa hiyo shika jambo hili tangu mwanzo: vipande kulingana vyenyewe kwa vyenyewe ni muhimu kuliko vipande kulingana na namba. Fito zote zikiwa na unene wa milimita 8.3 wakati ulikusudia 8, hakuna atakayejua. Nusu zikiwa 8 na nusu 8.3, viungo vitalegea upande mmoja na kukaza upande mwingine, na mlango mzima utapinda. Karibu kila ushauri unaofuata unatokana na hilo.

Chagua mbao kwa nyuzi zake, si kwa jina la mti. Japani hutumia sana sugi na hinoki, miti laini ya jamii ya misonobari yenye nyuzi zilizonyooka. Wewe tafuta mbao laini, kavu, isiyo na fundo, ambayo nyuzi zake zinakwenda sambamba kutoka ncha hadi ncha. Tazama kichwa cha ubao: mistari ya ukuaji wa mti ikisimama wima dhidi ya uso mpana, ubao huo utatulia. Ikiwa imelala kama matao, utajikunja. Ufito wenye unene wa milimita 8 hauna nguvu ya kupambana na nyuzi zilizopinda, hata ukiunyoosha vizuri namna gani leo. Chana mbao zako zikiwa nene kidogo kuliko unavyohitaji, zipange ndani ya nyumba hewa ikipita pande zote, uziache wiki kadhaa, ndipo uzipige randa kufikia kipimo cha mwisho. Zile zitakazopinda katika kipindi hicho zitumie kwa kazi nyingine bila kusikitika.

Sasa vipimo vya mlango. Shoji haina bawaba. Inateleza kati ya vizingiti viwili vyenye mifuo, yaani mifereji myembamba iliyochimbwa kwenye ubao: cha juu Wajapani hukiita kamoi, cha chini shikii. Mfuo wa juu ni wa kina, kwa kawaida kama milimita 15, na wa chini ni mfupi, milimita 2 au 3 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayokuwezesha kuuweka mlango na kuutoa kwa mikono mitupu: unauinua hadi juu kabisa, unaingiza mguu wake juu ya mfuo wa chini, unaushusha. Wanaoanza wengi hukosea hesabu hii, kwa hiyo tuifanye pamoja. Tuseme kati ya uso wa kizingiti cha chini na uso wa kizingiti cha juu kuna milimita 1800, mfuo wa chini una kina cha 3 na wa juu 15. Mlango ukiwa na urefu wa 1812, ukikaa chini utazama 3 na kichwa chake kitaingia 9 kwenye mfuo wa juu. Zinabaki milimita 6 za hewa juu yake. Unapouinua kwa hizo 6, mguu unatoka kabisa kwenye mfuo wa chini na kubaki juu yake kwa 3. Ukiufanya 1818, utajaza nafasi yote na hutaweza kuuingiza kamwe. Ukiufanya 1804, kichwa kitashika kwa milimita moja tu, na kizingiti kikijipinda kidogo mlango utaanguka.

Upana ni rahisi zaidi. Milango miwili inayopishana lazima ifunikane kwa upana wa ubao mmoja wa wima. Nafasi ikiwa 1700 na ubao wa wima una upana wa 30, jumlisha upate 1730, gawa kwa mbili: kila mlango 865. Ukiangalia kutoka ndani ya chumba, mlango wa kulia ndio unaokaa mbele. Umbali kutoka katikati ya mfuo mmoja hadi katikati ya mwingine uzidi unene wa mlango kwa milimita 2 au 3, la sivyo milango itasuguana.

Ukishapata namba hizo, ziandike mara moja tu, kwenye kijiti kirefu kilichonyooka. Weka juu yake alama za mlango mzima kwa urefu wake: ncha, mbao za mlalo, kila ufito. Kijiti cha pili kiwe cha upana. Kuanzia hapo weka tepu kabatini. Kila unaposoma tepu upya unaleta tofauti mpya ndogo, lakini kijiti hakisomwi, kinalazwa juu ya ubao na alama inahamishwa kwa ncha ya kisu. Nasema kisu, si penseli. Mstari wa penseli una upana wake, na hutajua umekata upande gani wa upana huo. Mstari wa kisu hauna upana, tena unaacha ukingo ambao patasi inaweza kuegemea.

Kugawa vyumba vya wavu, ondoa kwanza unene wa fito, kisha gawa kinachobaki. Ndani ya fremu kukiwa na 800 na unataka fito tatu za wima zenye unene wa 8, toa 24, zinabaki 776, gawa kwa nne: kila chumba 194. Vyumba vya shoji hupendeza vikilala, upana ukizidi kimo, lakini hilo ni suala la macho yako. Ninachokushauri ni kuchora mlango mzima kwenye karatasi kubwa kwanza na kuutazama kwa siku kadhaa.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe ninayoipenda kuliko zote: kukata mapengo ambamo fito hupishana. Kila ufito wa wima na wa mlalo hukatwa pengo hadi nusu ya kimo chake, kisha hupachikwa kimoja ndani ya kingine vikawa sawa pande zote mbili. Usikate ufito mmoja mmoja. Zipange fito zote za aina moja bega kwa bega juu ya meza, ncha zikiwa sawa, zibane kwa klampu huku na huku ziwe kama ubao mmoja. Pitisha skwea na kisu juu ya zote kwa mkupuo mmoja. Kisha kata kwa msumeno mwembamba mistari miwili ya kila pengo hadi nusu, ukibaki upande wa ndani wa alama, na toa kilichobaki katikati kwa patasi. Msumeno wa Kijapani hukata unapouvuta, ndiyo maana bati lake linaweza kuwa jembamba bila kupinda, na kwa kazi hii unafaa sana. Ukikosa huo, wowote wenye meno madogo na mgongo mgumu utafanya kazi. Ukifungua klampu, mapengo yote yatakuwa mahali pamoja kwa sababu hayakuwahi kupimwa tofauti.

Pengo liwe jembamba kidogo kuliko ufito. Usilipanue. Badala yake chukua ufito, pitisha randa iliyonolewa mara moja ubavuni, jaribu. Bado? Pitisha tena. Randa kali hutoa ganda jembamba linaloonyesha kivuli cha kidole ukilishika kwenye mwanga, kwa hiyo unaweza kukaribia kipimo polepole. Kiungo kizuri kinaingia kwa kusukuma kwa kidole gumba na kinatoa mlio mdogo kinapofika chini. Kikihitaji nyundo, kimekaza mno, na fito nyingi zilizokaza kwa pamoja zitausukuma wavu hadi uvimbe. Kikianguka chenyewe, ufito huo mpe kazi nyingine. Kinoo kiwe karibu nawe wakati wote huu.

Fremu hushikwa kwa ulimi na tundu: ncha ya ubao mmoja huchongwa iwe nyembamba, ikaingia kwenye shimo la ubao mwingine. Kuna mbinu moja ya Kijapani ambayo inafaa ujue: ulimi hugongwa taratibu kwa nyundo kabla ya kuingizwa, nyuzi zake zikabanwa, ukaingia tunduni kwa urahisi. Unyevu wa gundi unapoufikia, nyuzi zinavimba na kurudi unene wao, na kiungo kinajikaza chenyewe. Gonga kwa uso wa nyundo uliojitokeza kidogo katikati, usikate nyuzi. Mbao za wima ziache ndefu kupita kipimo, sentimita chache juu na chini. Ncha hizo za ziada zinazuia ubao usipasuke unapochimba tundu karibu na mwisho, na utazikata mwishoni kabisa.

Kuunganisha: wavu kwanza, kisha mbao za mlalo, mwisho zile mbili za wima. Jaribu yote bila gundi. Pima pembe hadi pembe mara mbili kwa mshazari. Vipimo vikilingana, pembe za mlango ni mraba. Nyuso zote zipigwe randa kabla ya hapo, kwa sababu wavu ukishafungwa randa haifiki. Usipake mafuta wala vanishi. Mafuta huhamia kwenye karatasi na kuacha madoa, na gundi ya karatasi haitashika juu ya vanishi.

Karatasi yenyewe, washi, ile bora hutengenezwa kwa nyuzi za kozo, mti wa jamii ya mforsadi. Nyuzi zake ni ndefu, ndiyo maana karatasi nyembamba hivyo haichaniki ovyo. Ufundi wa kuitengeneza kwa mkono, ukiwemo wa Mino katika mkoa wa Gifu, uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014. Kwa mlango wako wa kwanza karatasi ya shoji ya kiwandani inatosha. Hubandikwa upande wa nje, fito zikabaki kuonekana chumbani. Tumia gundi ya wanga iliyolainishwa kwa maji, kamwe si gundi ya mbao: karatasi ya shoji hubadilishwa, na siku hiyo utalowesha fito, utasubiri kidogo, na karatasi itatoka bila kukwaruza mbao. Ukitumia vipande vyembamba, anza chini kwenda juu, kila kipande cha juu kikifunika ukingo wa kile cha chini ili vumbi lisikae kwenye mdomo wa kiungo, na viungo viangukie juu ya ufito. Mikunjo midogo isikutie hofu. Gundi ikikauka kabisa, nyunyizia ukungu wa maji kwa umbali. Karatasi itanyong'onyea, kisha ikikauka itajikaza kama ngoma. Karatasi yenye plastiki haifanyi hivyo, kwa hiyo hiyo ivute vizuri wakati wa kubandika. Tundu dogo likitokea baadaye, Wajapani hukata kiraka chenye umbo la ua la sakura na kukibandika juu yake, na mimi naona kinapendeza kuliko kubadilisha karatasi ya chumba kizima cha wavu.

Kata zile ncha za ziada, weka milango mahali pake, sugua mshumaa ndani ya mfuo wa chini. Ikiteleza kwa kidole kimoja, sawa. Ikigoma katikati ya njia, usikimbilie kupunguza mlango. Lala chini utazame kizingiti cha juu, au vuta uzi kutoka ncha hadi ncha: mara nyingi kimeshuka katikati, na kinachohitajika ni kukiinua, si kukata shoji.