Mwanangu, hilo swali lako la thrila na muvi za kutisha

Mwanangu, umeniuliza thrila na muvi ya kutisha zinatofautianaje, na mbona ile muvi uliyotutumia wameibandika lebo zote mbili, na saifai (zile za sayansi ya kubuni) juu yake. Filamu sijasomea popote ila nimeziangalia tangu enzi za mikanda, so ngoja nikujibu ninavyoelewa mimi baba yako.

Kwanza usidanganyike na mavazi. Watu wakiona chombo cha anga tu, basi, saifai, wamemaliza. Chukua Alien ya Ridley Scott ya 1979, chombo kipo, mitambo ipo, lakini kisa chenyewe ni watu wamekwama sehemu moja na kitu kinachowamaliza mmoja mmoja, kihamishie kwenye jumba bovu porini bado kinaenda. Hiyo kwangu ni ya kutisha, saifai imevalishwa tu.

Thrila sasa. Hitchcock, yule mwongozaji wa thrila, mwaka 1962 alimweleza mwongozaji mwenzake Mfaransa, Truffaut, mfano wa bomu chini ya meza. Watu wamekaa wanapiga stori, ghafla puu, unashtuka sekunde 15 imeisha. Ila wewe mtazamaji ukiwa umeshajua bomu lipo na muda limetegewa, halafu wale wanaendelea na porojo zao, dakika 15 nzima unatamani uwapigie kelele watoke. Meza ileile, porojo zilezile! Kilichobadilika ni unachojua wewe. Ndo maana thrila inabana, unaona jambo linakuja na bado unahisi linazuilika, wakati ya kutisha inakupa hisia kwamba halizuiliki au hata halieleweki, stelingi wa thrila anakimbilia ushahidi, wa kutisha anakimbia tu (tena anakimbilia ghorofani, mlango uko wazi pale).

Za TV nazo zina mambo yake. Sop opera, zile tamthilia za mfululizo, jina lilitoka Marekani, redioni miaka ya 1930, wadhamini walikuwa kampuni za sabuni (sop ni sabuni kwa Kiingereza), na zile zimetengenezwa zisiishe. Telenovela za Amerika ya Latini ndo zinapangiwa mwisho. Nilimweleza mama yako hivyo maana miaka yote anangoja ya kwake iishe, akaninunia siku mbili.

Hiyo muvi yako mi naiita thrila, muuaji tumeshamjua mapema kabisa, kazi imebaki kumwahi. Ukipiga simu usitaje mwisho, mama yako kaishia katikati.