Mchezaji hachukii tangazo, anachukia kuviziwa

Mleta mada anatengeneza gemu ya simu ya bure na ameuliza mambo mawili: akiweka matangazo, wachezaji wataikimbia? Na kwa nini watu wanalalamika ilhali hawajatoa hata senti? Naona waliojibu kabla yangu wamegawanyika. Wengine wanasema cha bure kivumiliwe, wengine wanasema tangazo lolote ni uchafu. Mimi nimeishi pande zote mbili. Gemu za bure nimecheza miaka mingi, na kwa kipindi fulani nilikuwa na kikundi kidogo kilichotengeneza gemu ya mafumbo, kazi yangu ikiwa kusoma maoni ya wachezaji kwenye duka la programu na kuyajibu. Ni kazi ya kutukanwa, lakini inafundisha.

Walioandika "ondoeni matangazo yote" walikuwa wachache kuliko nilivyotarajia. Wengi walikuja na kosa mahususi. Tangazo limeruka nikiwa navuta kipande. Limepiga kelele usiku wakati sauti ya gemu niliizima. Nimebonyeza X, limenipeleka dukani. Nimelipia kuondoa matangazo, nimebadilisha simu, yamerudi. Na lile lililoandikwa kwa hasira kuliko yote: nimetazama tangazo mpaka mwisho, zawadi sijaiona.

Hilo la mwisho lifikirie vizuri, mkuu. Huyu mtu hana ugomvi na tangazo, amekubali kulitazama lote. Ugomvi wake ni kudhulumiwa ujira. Mara nyingi hata hila hakuna, ni mtandao tu umeyumba na taarifa kwamba amemaliza kutazama haikufika kwenye gemu. Lakini kwake ni wizi, na sioni kwa nini afikirie vinginevyo. Tuliamua kwamba palipo na utata mchezaji apewe chake kwanza, hesabu zetu baadaye. Malalamiko ya aina hiyo yakapungua.

Sasa hoja ya "hajatoa hata senti". Si kweli. Gemu ya mafumbo inaweza kuchezwa bila intaneti kabisa. Kinachokula bando ni video ya tangazo. Anayenunua data kwa kipimo analipia kutangaziwa, na betri yake inashuka, na muda wake unakwenda. Ndiyo maana wengi huzima data wanapocheza. Kuna watengenezaji wanaoliona hilo kama wizi na wakaamua gemu isifunguke bila mtandao, hata kama haihitaji mtandao kwa lolote. Matokeo yake ni nyota moja zinazomiminika, na mara hii za haki.

Lakini na upande wa pili usemwe. Wachezaji wengi wa gemu za bure hawanunui kitu ndani ya gemu, wala hawatanunua. Mtangazaji hulipa kwa kila watazamaji elfu moja au kwa kila anayepakua kile kinachotangazwa, na tangazo kutazamwa mara moja peke yake ni pesa ndogo sana. Kwa hiyo mwenye gemu ana njia mbili: apate umati, au amwonyeshe mtu yuleyule matangazo mengi. Gemu ikikosa umati, kishawishi cha njia ya pili ni kikubwa, na hapo ndipo uhusiano na wachezaji huharibika.

Umati ukiwepo, hata bango dogo, yaani tangazo lililokaa pembeni mwa skrini, linatosha. Flappy Bird, gemu ya kupitisha ndege kati ya mabomba ya Dong Nguyen wa Vietnam, ilitoka 2013, ikalipuka mwanzoni mwa 2014, na iliripotiwa kuingiza takriban dola 50,000 kwa siku kwa matangazo, kabla mwenyewe hajaiondoa madukani Februari 2014. Lilikuwa bango tu. Unakumbuka watu walilalamikia nini? Mabomba. Ndege anagonga bomba, mtu anataka kuitupa simu. Bango lilikuwepo na halikumkata mtu mchezo, basi likasahaulika.

Tangazo la skrini nzima ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kuna vita. Umemaliza hatua, kidole tayari kinashuka kubonyeza "endelea", na katika nafasi ileile, wakati uleule, skrini inabadilika. Kidole kimeshatua. Hukutaka, lakini umebonyeza tangazo, na sasa uko dukani ukiangalia gemu ya watu wengine. Unarudi. Kuna namba inahesabu kurudi nyuma pembeni. Ikifika sifuri inatokea X ndogo kama punje, ya kijivu juu ya mandhari ya kijivu. Unaibonyeza. Kumbe hiyo inafunga video tu. Inakuja picha ya mwisho yenye kitufe kikubwa cha kijani, na X nyingine kwenye kona tofauti na ile ya kwanza. Mchezaji anayepitia haya hasemi "tangazo refu". Anasema "mnanichezea akili". Na ni kweli anachezewa. Kuhamisha X kutoka kona moja kwenda nyingine hakutokei kwa bahati mbaya.

Kitu ambacho wachezaji wengi hawakijui, na sidhani kama wana wajibu wa kukijua, ni kwamba mwenye gemu mara nyingi hakuchora hiyo X. Nafasi ya tangazo hupigwa mnada kwa mashine ndani ya muda mfupi sana, anayetoa bei ya juu anaingia, na tangazo linakuja limeshapikwa huko lilikotoka. Nilikuwa najibu malalamiko kuhusu tangazo ambalo mimi mwenyewe sijawahi kuliona. Unachoweza kufanya ni kuingia kwenye mipangilio ya mtandao wa matangazo (kampuni inayokuletea matangazo), kuzuia aina fulani za bidhaa na watangazaji fulani mmoja mmoja, na kesho yake mwingine anakuja na ujanja uleule. Lakini tusi linaandikwa kwenye ukurasa wa gemu yako. Mlango umeufungua wewe, alaumiwe nani?

Google waliliona. Tangu mwishoni mwa Septemba 2022 kanuni za duka lao zinakataza matangazo ya skrini nzima yanayotokea bila kutarajiwa, yakiwemo yanayoruka mwanzoni mwa hatua, na yale yasiyoweza kufungwa baada ya sekunde 15. Yale ambayo mchezaji ameyaomba mwenyewe ili apate zawadi hayamo kwenye katazo hilo. Kanuni ni nzuri, ingawa ukifungua gemu kadhaa leo utakuta inavunjwa mchana kweupe.

Kuna kingine kinachokera ambacho hakihusiani na muda wala X: tangazo linalosema uongo. Matangazo mengi ndani ya gemu za simu ni ya gemu nyingine, na yapo yanayoonyesha mchezo usiokuwepo. Unamwona jamaa amenaswa, kuna vipini vya kuvuta, lava upande huu, hazina upande ule, na mchezeshaji anavuta kipini kisicho sahihi makusudi ili wewe useme "ningefanya vizuri zaidi". Ukipakua unakuta ni gemu ya kupanga vitu vitatu vinavyofanana. Mwaka 2020 mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza ilipiga marufuku matangazo mawili ya namna hiyo, ya Homescapes na Gardenscapes za kampuni ya Playrix, kwa kupotosha. Madhara yake hayaishii kwa aliyetangazwa. Mchezaji akishadanganywa mara kadhaa huacha kuamini tangazo lolote, na gemu ndogo yenye tangazo la kweli inazama pamoja na za waongo.

Nije kwenye matangazo ya zawadi, yale ya "tazama upate maisha moja". Kwa uzoefu wangu haya ndiyo yanayopendwa, na silitumii neno hilo ovyo. Tulipoyaondoa kwa siku chache kwa sababu ya hitilafu, tuliandikiwa na watu wanaoyadai yarudi. Nilisoma mara mbili kuhakikisha. Mtu amekufa karibu na mwisho wa hatua, duara linahesabu, anabonyeza "endelea", anaiweka simu mezani, anajinyoosha, anarudi kucheza. Amechagua yeye, anajua anapata nini, na anajua itaisha lini. Crossy Road iliyotoka Novemba 2014 ilijengwa hivyo, matangazo ya video ya hiari tu, na walioitengeneza walisema iliingiza dola milioni 10 katika miezi mitatu ya mwanzo, milioni 3 kati ya hizo zikitokana na video hizo. Toleo la simu la Vampire Survivors lilipotoka Desemba 2022 lilikuja bure, na matangazo hayaji mpaka uyaombe: unapotaka kufufuka, au kuongezewa dhahabu mwisho wa mchezo. Wachezaji waliisifu gemu yenye matangazo, kwa sababu ya jinsi matangazo yalivyowekwa.

Lakini usije ukaondoka hapa ukiamini kwamba tangazo la zawadi ni salama siku zote. Likianza kuleta pesa, mtu kwenye kikao atauliza: tukiongeza ugumu kidogo hatua ya 20, si wataangalia zaidi? Wataangalia. Ukipunguza sarafu zinazookotwa, wataangalia zaidi tena. Polepole gemu inageuka mahali ambapo kila mara umepungukiwa kidogo, kidogo ambacho tangazo moja linatosha kukijaza. Hiari imebaki kwenye maandishi ya kitufe tu. Wachezaji hawana takwimu zako ila wananusa. Huandika "zamani hii gemu ilikuwa nzuri", hawaelezi zaidi, na wanaondoka. Maoni ya namna hiyo yananitisha kuliko matusi, kwa sababu hayakuambii urekebishe nini. Kipimo ninachotumia sasa, nikicheza au nikiulizwa ushauri: ondoa matangazo yote kichwani, je, gemu iliyobaki inachezeka mpaka mwisho bila kukwama? Kama jibu ni hapana, hapo tangazo limekuwa kodi, hata likiitwa zawadi.

Kuhusu kuuza "ondoa matangazo": wengi watasema wangelipa, wanaolipa ni wachache mno. Hao wachache watunze. Aliyelipa hataki kuona tangazo tena, na hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni: ukimwondolea ya lazima lakini ukamwachia kitufe cha "tazama upate maisha", atakuona tapeli. Mpe hayo maisha bila kutazama, labda kwa kikomo cha siku. Ukitaka kuona hasira ya mtu aliyelipa halafu akatangaziwa, kumbuka UFC 4, gemu ya mapigano ya kampuni ya EA, mwaka 2020. Watu walinunua gemu kwa bei kamili, kisha tamthilia ikaanza kutangazwa katikati ya marudio ya pambano. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba EA waliyaondoa. Kinyume chake, mwaka 2008 Barack Obama alikuwa kwenye mabango ya barabarani ndani ya Burnout Paradise, gemu ya mbio za magari ya kulipia vilevile, na watu walipiga picha wakacheka. Bango barabarani liko mahali pake.

Faragha nitaipitia haraka. Tangu Apple walipoanza mwaka 2021 kulazimisha programu ziombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji kutoka programu moja hadi nyingine, wachezaji wengi wameonja kukataa na wamependa. Usimwombe ruhusa hiyo sekunde ya kwanza anapofungua gemu, hajakujua bado.

Gemu yako ikiwa ya watoto wadogo, mimi nisingeweka tangazo hata moja. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha uchunguzi wa programu 135 zinazotumiwa na watoto wa miaka 5 kushuka chini, na asilimia 95 zilikuwa na angalau aina moja ya tangazo. Mtoto wa umri huo hatofautishi tangazo na mchezo, anabonyeza kila kinachong'aa. Mzazi ndiye anayekuja kuandika maoni, na huwa haandiki kwa upole.

Kwa hiyo mleta mada, hawatakukimbia kwa kuweka matangazo. Anza na ya zawadi, weka ya skrini nzima kati ya hatua na si ndani yake, na hatua chache za mwanzo ziache wazi kabisa mtu aipende gemu kwanza. Acha nafasi ya kupumua kati ya skrini ya "umeshinda" na tangazo ili kidole kisitue kwa bahati mbaya. Mibonyezo hiyo ya bahati mbaya usiifurahie kwenye ripoti, mitandao ya matangazo huikata. Kitufe cha kurejesha manunuzi, kinachomrudishia aliyelipa alichonunua anapobadilisha simu, kiweke panapoonekana. Na usijidanganye kwa matangazo ya majaribio unayoyaona wakati wa kutengeneza, yale yana adabu. Mpe rafiki gemu iliyoko dukani tayari, kwenye simu ya bei nafuu, sauti ikiwa juu, kisha kaa kando uangalie kidole chake kinavyohangaika. Wewe mwenyewe usiyabonyeze, akaunti hufungiwa kwa hilo.