Maswali na majibu: Mabaka ya upara, vinasaba na hofu ya saratani

Nusu ya maswali ya wiki hii ni ya nywele. Tuelewane kwanza: alopesia ninayoizungumzia hapa ni ile ya mabaka ya duara, ambapo kinga ya mwili hushambulia mizizi ya nywele. Wenye upara wa kurithi kwa babu, subirini zamu yenu.

*Dokta, nina mabaka matatu kichwani, laini kama kiganja. Nimesoma kwamba vinasaba vya ugonjwa huu ndivyo vya saratani. Nimebakiza muda gani? (Tabata)*

Muda wa kutosha kurudia ulichosoma, taratibu. Mwaka 2010, timu ya Angela Christiano wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambaye mwenyewe anaugua alopesia, ilipima vinasaba vya wagonjwa 1,054 na kuvilinganisha na vya watu zaidi ya 3,000 wasio nao. Miongoni mwa jeni zilizojitokeza zilikuwemo za kundi la ULBP. Kazi yake ni kutengeneza protini inayosimama juu ya seli kama bendera nyekundu. Seli ikivamiwa na virusi, au ikianza kugeuka saratani, huinua bendera, na askari wa mwili huja kuiua. Kwa wenye alopesia, bendera hiyo ilikutwa imejaa kwenye mizizi ya nywele, mahali ambapo hapakuwa na mwizi.

Kwa hiyo ni kweli jeni zinakutana, lakini upande wa ulinzi. Wewe una mgambo mwenye papara anayempiga rungu mwenye nyumba. Saratani inamtaka mgambo aliyelala.

Jeni nyingine iliyoonekana ni CTLA4, breki ya kinga ya mwili. Utafiti wa breki hiyo ulimpa James Allison Tuzo ya Nobel mwaka 2018, kwa sababu ukiiachia, kinga huivamia saratani. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Na baadhi ya wanaotibiwa kwa dawa za namna hiyo hupata nini? Mbalanga, na wachache hunyonyoka nywele kwa mabaka kama yako.

Ila usijitangazie kwamba umekingwa. Kuna tafiti zilizokuta saratani za ngozi ni pungufu kwa wenye alopesia, na kuna zilizokuta saratani nyingine ziko juu kidogo. Kama wewe ni mwanamke na hujawahi kupimwa mlango wa kizazi, hofu yako umeielekeza kichwani wakati ilitakiwa ishuke chini. Hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ina kipimo.

*Nipime DNA nijue? (wasomaji wanne, maneno yaleyale)*

Hapana. Pima tezi ya shingo daktari akikushauri, maana ugonjwa wake huandamana na alopesia mara nyingi kuliko hicho mnachokiogopa.

*Nina mapacha wa kufanana, mmoja amenyonyoka. Na wa pili? (Morogoro)*

Huenda ikawa, huenda isiwe. Kwa mapacha wa kufanana, wa pili hupata kwa takriban nusu tu ya waliochunguzwa. Kurithi si hukumu, mama. Usimchungulie mtoto kichwa kila asubuhi.

*Shemeji yangu yuko Texas, amenitumia vidonge vya baricitinib. Nianze kimoja au viwili? (Arusha)*

Anza na sifuri. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwezi Juni 2022 kwa alopesia kali, na kweli wapo walioota nywele. Lakini inafanya kazi kwa kumnyamazisha yule mgambo, na boksi lake lina onyo la saratani, maambukizi makali na kuganda kwa damu. Onyo la saratani lilitokana hasa na utafiti wa dawa ndugu yake, tofacitinib, kwa wagonjwa wa baridi yabisi wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Basi wewe unayeogopa saratani ya vinasaba, mbona unataka kumeza onyo bila daktari? Kabla ya kidonge cha kwanza hupimwa kifua kikuu, damu na ini. Shemeji amekupima?

*Mtoto ana duara kichwani, picha hii hapa. Ni alopesia? (sihesabu tena)*

Picha imepigwa gizani, mtoto ana magamba na anajikuna. Hayo ni mapunye, kuvu, na yanatibiwa kwa vidonge vya hospitali, si kwa krimu. Duara la alopesia ni laini, halina magamba, na pembeni utaona vinywele vifupi vilivyosinyaa kwenye shina. Na acheni kupaka watoto krimu za steroidi za dukani! Kuvu hujificha chini yake na kusambaa.

*Dawa ya kulainisha nywele inaleta alopesia? (Mwanza)*

Hii ya mabaka, hapana. Lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2022 ulikadiria kuwa, kabla ya kutimiza miaka 70, saratani ya mji wa mimba huwapata asilimia 1.64 ya wasioitumia kabisa, na asilimia 4.05 ya wanaoitumia mara kwa mara. Hapo sasa una cha kujadiliana na msusi wako.

*Kitunguu maji je?*

Kitie kwenye mchuzi. Mabaka machache mara nyingi huota nywele yenyewe ndani ya mwaka, ndiyo maana chochote ulichopaka huonekana kimetibu, na abiria wenzako wa daladala wanabaki na harufu.