Kabla ya hesabu, shuka chini ya daraja

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikabidhiwa madaraja kumi na moja ya hapa Nairobi niyapangie matengenezo ya miaka 40. Nilijifungia ofisini wiki tatu. Bosi wangu, mzee wa maneno machache, alilitazama jedwali langu kisha akauliza, "Hili la Mto Ngong, umewahi kusimama chini yake?" Sikuwa nimesimama.

Kesho yake tukaenda. Bomba la kutolea maji ya mvua lilikuwa limeng'olewa, bila shaka likauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na maji ya barabarani yakawa yanateremkia kwenye ncha ya boriti. Mzee akatoa nyundo akaanza kugonga zege. Palipokuwa pazima palilia kwa mlio mkavu, mkali. Hatua mbili mbele pakalia kama debe tupu: zege lilikuwa limeachana na nondo. Jedwali langu lilisema sehemu hiyo isiguswe kwa miaka 20.

Ndugu yangu unayeanza, kukokotoa gharama za maisha yote ya daraja si kazi ngumu. Unaweka ujenzi, ukaguzi, usafishaji, ukarabati, hadi siku ya kulibomoa na kujenga jingine, kisha unazirudisha zote kwenye thamani ya leo. Panapohitaji macho ni kwenye kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo fedha za baadaye hupunguzwa kwa kila mwaka ili kupata thamani yake leo. Chukua daraja litakalogharimu shilingi milioni 100 kubadilishwa baada ya miaka 30. Kwa asilimia 4, thamani ya fedha hizo leo ni kama milioni 31. Kwa asilimia 8 inashuka hadi milioni 10 hivi. Kwa asilimia 12, milioni 3 na ushei. Daraja ni lile lile! Kiwango kikiwa juu, kuahirisha huonekana busara, na kuzibua mifereji kila mwaka huonekana hasara. Usiwapelekee wakubwa jibu moja. Piga hesabu kwa viwango vitatu, na mpango bora ukibadilika, waambie wazi umebadilishwa na nini.

Tena hesabu hiyo huchukulia kwamba daraja litafika mwaka wa 30 hata likitelekezwa. Maji yakizifikia nondo, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege hupasuka kutoka ndani. Kazi ya siku mbili ya kufunga bomba hugeuka kuwa ya kuinua daraja kwa jeki na kubadilisha beringi, yaani vitako ambavyo boriti hukalia.

Wengi huacha gharama za wasafiri kwa sababu hazitoki kwenye bajeti ya ofisi. Kwangu hilo ni kosa kubwa. Tuseme umefunga leni moja, na magari 20,000 kwa siku yanachelewa dakika 10 kila moja. Hizo ni zaidi ya saa 3,300 zilizopotea kwa siku, na bado hujahesabu abiria waliojaa kwenye matatu. Ukiziweka, mkandarasi wa usiku anayedai zaidi mara nyingi ndiye anayetoka nafuu.

Kuhusu misingi iliyo mtoni, jihadhari sana. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilituonyesha mito ya jiji hili inavyoweza kufura. Mafuriko huchimba shimo kwenye mguu wa nguzo, halafu maji yakipungua shimo hilo hujazwa tope laini. Ukitazama kwa macho utadhani pako sawa. Choma kwa chuma kirefu, upime.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo ombi la kazi ndogo ndogo liandike mapema, pesa zipatikane kabla ya mvua za Machi. Lile bomba la Mto Ngong tulilibadilisha kwa la plastiki, ambalo halina mnunuzi. Kwenye jedwali langu limepata mstari wake: kukaguliwa kila Februari.